Kabla Mashine Haijawashwa: Profaili ya Rangi na Prufu kwa Wafungashaji wa Mbinga na Nyasa

Kwa miaka mingi kahawa ya Mbinga iliondoka milimani ikiwa buni ndani ya magunia, ikaelekea mnadani Moshi, na mnywaji wa mwisho hakujua kama ilitoka Litembo au Maguu. Siku hizi wapo wakulima na vikundi wanaokaanga, kusaga na kufungasha wenyewe. Kule chini ziwani, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, wapo wanaofungasha usipa mkavu na asali, na wapo wenye nyumba za wageni wanaotaka vipeperushi vya kuwavuta watalii. Wote hawa wamejikuta na kazi ambayo baba zao hawakuwa nayo: kuchagua rangi, kuzipeleka kwa mchapaji, na kutaka zitoke kama zilivyokusudiwa.

Malalamiko yanafanana kila mahali. Nyekundu ya kahawa iliyoiva imetoka kama tofali. Bluu ya ziwa imegeuka zambarau. Uso wa mama aliyepigwa picha akichuma kahawa umekuwa doa jeusi lisilo na macho. Mteja humlaumu mchapaji, mchapaji humlaumu mbunifu, na mbunifu huonyesha kompyuta yake na kusema, "Mbona kwangu iko sawa?" Kweli, kwake iko sawa. Tatizo ni kwamba hawa watatu hawakukubaliana mapema rangi ile itapimwa kwa kipimo gani. Makubaliano hayo yana sehemu mbili, profaili ya rangi na prufu (nakala ya majaribio ya kukaguliwa kabla ya kuchapa), na makala haya yanaeleza namna ya kuziandaa hatua kwa hatua.

Kwa nini rangi hubadilika njiani

Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga wa aina tatu: nyekundu, kijani na bluu, yaani RGB. Mashine ya kuchapa hutengeneza rangi kwa wino wa aina nne: sayani, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK. Mwanga ukijumlishwa huelekea weupe. Wino ukijumlishwa huelekea weusi. Kwa hiyo zipo rangi ambazo skrini inaziweza na wino hauziwezi kabisa, hata mchapaji awe hodari namna gani.

Zaidi ya hapo, namba za rangi peke yake hazina maana kamili. Sayani asilimia 100 kwenye karatasi ya kalenda na sayani asilimia 100 kwenye mfuko wa kaki ni rangi mbili tofauti. Profaili ni faili dogo linaloeleza namba hizo zinatoa rangi gani hasa kwenye kifaa fulani na karatasi fulani. Utaratibu huu ulipewa umbo la pamoja na muungano wa kimataifa wa ICC, ulioundwa mwaka 1993 na kampuni nane, zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, na ndiyo maana profaili moja husomeka kwenye programu nyingi.

Ichukulie profaili kama vipimo vya fundi cherehani: vimechukuliwa kwa mwili mmoja, na ukimshonea mtu mwingine kwa vipimo hivyo, nguo itambana au itampwaya. Hivyo swali la kwanza si "profaili ipi ni nzuri?" Swali ni "nitachapa wapi, kwa mashine gani, juu ya karatasi gani?"

Anza kwa mchapaji

Watu wengi humaliza ubunifu wote, ndipo watafute wa kuchapa. Geuza mpangilio huo. Mkoa wa Ruvuma haukosi utamaduni wa uchapaji: Wabenediktini wa Peramiho, misheni iliyoanzishwa mwaka 1898, wamechapa vitabu kwa miongo mingi, na leo Songea na Mbinga zina maduka yenye printa za leza, printa za tanki la wino na mashine za mabango. Wengine hupeleka kazi kubwa za ofseti Dar es Salaam, safari ya takribani kilomita 1,000. Kazi ikirudi na kasoro, umbali huo unaulipia wewe. Kwa hiyo kabla hujagusa rangi yoyote, muulize mchapaji maswali haya na uandike majibu:

1. Kazi itachapwa kwa mashine ya ofseti, ya leza, ya wino au ya mabango?
2. Karatasi au kifungashio ni cha aina gani, na kina gramu ngapi?
3. Unataka faili la RGB au CMYK, na kwa profaili ipi?
4. Kikomo chako cha jumla ya wino ni asilimia ngapi?
5. Utanipa prufu ya namna gani kabla ya kuchapa oda yote?

Mchapaji wa ofseti mwenye profaili ya mashine yake atakupa faili lake, nawe litumie hilo. Asipokuwa nayo, kubalianeni juu ya profaili ya kawaida. Kwa karatasi iliyopakwa tabaka laini, ile ya kalenda na majarida, wengi hutumia inayojengwa juu ya vipimo vya FOGRA39 au FOGRA51. Kwa karatasi isiyopakwa, ya daftari na barua, tumia ya FOGRA47 au FOGRA52. Shirika la Ulaya linaloitwa ECI hutoa profaili hizo bure mtandaoni. Mashine ya mchapaji huenda isilingane nazo kikamilifu, lakini mkiwa na profaili moja mnayoijua nyote, mnaweza kupima tofauti na kuirekebisha.

Printa za tanki zilizopo madukani zina utaratibu mwingine. Programu inayoziendesha kwa kawaida hutarajia kupewa picha ya RGB, kisha yenyewe inagawa wino. Ukiipelekea CMYK uliyoibadilisha kwa profaili ya ofseti, rangi inabadilishwa mara mbili na hupauka. Kwa kazi za aina hiyo acha picha kwenye sRGB, mfumo uliopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 ambao ndio wa simu na kompyuta nyingi, na uchague aina sahihi ya karatasi kwenye mpangilio wa printa.

Andaa skrini yako

Skrini isiyosawazishwa inakudanganya kila siku kwa namna mpya. Njia ya uhakika ni kutumia kipima rangi, kifaa kidogo kinachowekwa juu ya kioo na kusoma mwanga wake, pamoja na programu kama DisplayCAL au ArgyllCMS ambazo ni za bure. Acha skrini iwake nusu saa kwanza. Panga nyeupe iwe D65, gama 2.2, na mwangaza kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Rudia baada ya mwezi mmoja au miwili, maana skrini huchakaa.

Kama huna kifaa, bado unaweza kupunguza kosa. Weka karatasi nyeupe isiyoandikwa kando ya skrini ndani ya chumba chenye mwanga wa kutosha, fungua ukurasa mweupe, kisha shusha mwangaza mpaka vyote viwili vikaribiane. Wengi hushangaa kuona skrini yao ilikuwa inawaka mara mbili ya inavyotakiwa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya malalamiko ya "imetoka nyeusi." Zima mwanga wa usiku unaofanya kioo kiwe cha manjano, na zima mwangaza unaojipanga wenyewe. Kama kompyuta mpakato inatumia betri kwa sababu umeme umekatika, usiamue rangi wakati huo, kwani nyingi hupunguza mwanga kuhifadhi chaji. Kaa uso kwa uso na kioo, na usiwe na ukuta wa rangi kali nyuma wala mbele yako.

Pachika au badilisha: usichanganye

Programu za picha zina amri mbili zinazofanana kwa sura lakini matokeo yake ni tofauti kabisa. Kupachika profaili ni kuiambia picha kwamba namba ilizonazo zisomwe kwa kipimo fulani. Namba hazibadiliki, mwonekano ndio unaobadilika. Kubadilisha profaili ni kukokotoa namba mpya ili mwonekano ubaki uleule kadiri inavyowezekana. Picha iliyokuja bila profaili, pachika sRGB, maana mara nyingi ndiko ilikotoka. Picha yenye profaili tayari, ibadilishe kwenda ya mchapaji, na ufanye hivyo mara moja tu, mwishoni. Hifadhi nakala mama ya RGB ili mchapaji mwingine akitokea mwakani usilazimike kuanza upya.

Na picha zisisafiri kwa WhatsApp kama picha za kawaida, kwa sababu huminywa na kupoteza ubora. Zitume kama nyaraka, au kwa barua pepe.

Prufu ya skrini

Kabla ya kubadilisha chochote, angalia prufu kwenye skrini: programu inaigiza jinsi wino na karatasi ile zitakavyoonekana. Photoshop, GIMP, Krita na Scribus zote zina uwezo huu. Chagua profaili ya mchapaji kwenye mpangilio wa prufu, kisha washa na kuzima. Kwenye Photoshop ni kwa kubonyeza Ctrl na Y. Washa pia kipengele cha kuiga rangi ya karatasi. Picha itaonekana imefifia ghafla, na wengi huizima kwa hofu. Usiizime. Tazama pembeni wakati unaiwasha, funika menyu zote nyeupe, kisha rudisha macho. Jicho lisipokuwa na weupe wa kioo wa kulinganisha nao, hukubali weupe wa karatasi, na hapo unaona kitu kilicho karibu na kile utakachokishika.

Utaulizwa pia mbinu ya kubadilisha rangi. Kolorimetriki linganifu hulinda rangi zinazowezekana na kukata zile zisizowezekana. Ni chaguo zuri kwa nembo na kwa picha nyingi, ukiwasha na fidia ya nukta nyeusi. Perseptuali hubana rangi zote kwa pamoja ili mpishano wa vivuli usipotee. Ijaribu kwenye picha zenye rangi kali nyingi. Kolorimetriki halisi huacha rangi ya karatasi ionekane. Hiyo ni ya kutengenezea prufu, haifai kwa faili la mwisho.

Rangi nne za kwetu zinazosumbua

*Bluu ya ziwa na ya mbuna.* Mbuna, samaki wa mapambo wa Ziwa Nyasa, wana bluu inayong'aa hata chini ya maji, na bluu hiyo iko nje ya uwezo wa wino nne. Hakuna profaili itakayoiumba. Unachoweza kuzuia ni isigeuke zambarau: hakikisha majenta iko chini ya sayani kwa angalau asilimia 30. Kama bluu hiyo ndiyo roho ya kipeperushi chako, muulize mchapaji kuhusu wino wa tano uliochanganywa maalumu, ukijua kwamba unaongeza pleti na gharama.

*Nyekundu ya kahawa iliyoiva.* Hii wino unaiweza. Majenta na njano zikikaribia ukamilifu hutoa nyekundu safi. Kinachoiharibu ni sayani na nyeusi zilizojipenyeza humo wakati wa kubadilisha. Chunguza namba zake, na sayani ikizidi pale ambapo tunda linapaswa kuwaka, ipunguze.

*Kijivu cha mawe.* Miamba ya ufukweni, ikiwemo Pomonda ya Liuli ambayo Wajerumani waliifananisha na Sphinx, ni kipimo kizuri cha usawa wa wino. Kwenye karatasi iliyopakwa, kijivu cha wastani hukaa karibu na sayani 50, majenta 40 na njano 40. Jiwe likitoka na wekundu au ukijani kwenye prufu, basi kazi nzima imeegemea upande huo, ingawa majani na maji vinaficha kosa.

*Nyuso za watu wetu.* Hapa naomba umakini wa pekee. Nukta ya wino hutanuka ikigusa karatasi: nukta ya asilimia 50 hufika karibu 65 kwenye karatasi iliyopakwa, na huweza kupita 70 kwenye isiyopakwa. Uso mweusi uliopigwa picha chini ya kofia au kivuli cha mgomba tayari uko kwenye sehemu ya giza, na utanukaji huo unaufuta. Dawa si kumfanya mtu awe mweupe. Fungua vivuli kidogo huku prufu ya skrini ikiwa imewashwa, angalia kwamba mboni, mikunjo ya tabasamu na mpaka wa nywele vinaonekana, na uzuie wino mweusi usijae mashavuni. Mkulima anayewekwa kwenye pakiti ya kahawa yake anastahili kutambulika na jirani zake.

Wino, maandishi na msimbo wa mistari

Jumla ya wino nne ikizidi kikomo, karatasi hukawia kukauka na kazi hupakana mgongoni. Profaili ya ISO Coated v2 ina kikomo cha asilimia 330, na kuna toleo lake la 300. Karatasi isiyopakwa ibaki kwenye 300 au chini yake. Maandishi madogo yawe wino mweusi asilimia 100 peke yake. Weusi uliotoka kwenye RGB hugawanyika kwenye wino zote nne, na pleti zikisogea hata kidogo herufi hupata kivuli cha rangi, na orodha ya viungo isisomeke.

Msimbo wa mistari, ambao kwa bidhaa zilizosajiliwa na GS1 Tanzania huanza na 620, una kanuni yake. Vifaa vingi vya kusomea hutumia mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo mistari myekundu ni kama nyeupe. Usiupambe kwa nyekundu ya kahawa. Tumia mistari myeusi juu ya nyeupe. Kama mfuko ni wa kaki, weka stika nyeupe chini yake, na kumbuka pia kwamba kaki isiyopakwa wino mweupe kwanza huzima kila rangi inayowekwa juu yake.

Ukimaliza, toa faili la PDF/X. Kwa mchapaji anayetaka kila kitu kiwe CMYK tayari, PDF/X-1a. Kwa mwenye mitambo mipya, PDF/X-4. Faili hilo hubeba ndani yake jina la profaili iliyokusudiwa.

Prufu ya karatasi, na mwanga wa kuitazamia

Prufu ya skrini ni ya kukuongoza wewe. Inayowafunga ninyi wawili ni prufu ya karatasi. Kiwango cha kimataifa chake ni ISO 12647-7, na prufu kamili huwa na ukanda wa visanduku vya rangi pembeni, unaopimwa kwa kifaa. Tofauti hutajwa kwa delta E. Delta E ya 1 ni karibu na mwanzo wa kile jicho linachoweza kugundua. Mchapaji asipokuwa na mfumo huo, omba karatasi moja iliyochapwa kwa mashine ileile na kifungashio kilekile. Kwa printa ya dijitali hilo ni jambo la dakika chache. Kwa ofseti, kubalianeni kwamba karatasi za mwanzo zitasimamishwa mpaka zikubaliwe.

Usikubali prufu kwa picha ya simu. Kamera hujichagulia weupe wake, na kioo chako huongeza wa kwake. Prufu itumwe kwa basi. Gharama ya mzigo huo ni ndogo kuliko pakiti zisizouzika.

Ikifika, itazame kwenye mwanga unaofaa. Kiwango cha uchapaji ni mwanga wa D50, wa kelvini 5,000. Bila taa hiyo, toka nje kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, simama mahali pa wazi pasipopigwa na jua moja kwa moja, mbali na turubai la bluu, ukuta uliopakwa rangi na majani ya migomba, kwa sababu vyote hivyo humwaga rangi yao juu ya karatasi. Kisha ipeleke pia chini ya taa za duka ambako bidhaa itauzwa. Rangi mbili zinazolingana juani zinaweza kutengana chini ya taa, na ni afadhali ulijue hilo mapema.

Ukiridhika, sainini nakala mbili, moja ibaki kwa kila upande. Nyuma yake andikeni tarehe, jina la profaili, aina ya karatasi na gramu zake, na mashine. Ihifadhi ndani ya bahasha, mahali pakavu pasipo jua. Oda inayofuata ilinganishwe na prufu hiyo, wala si pakiti iliyokaa dirishani miezi mingi, maana majenta na njano hufifia haraka juani.

Neno kwa vyama na vikundi

Kipima rangi kimoja ni ghali kwa mbunifu mmoja wa Mbinga, lakini si ghali kwa vyama vya ushirika (AMCOS) kadhaa na vikundi vya wafungashaji wakichanga. Kinunuliwe kwa pamoja, kiazimwe kwa zamu, na kijana mmoja afundishwe kukitumia vizuri. Kikundi chenye prufu zilizosainiwa kitaweza kubadilisha mchapaji bila kupoteza rangi ya bidhaa yake, na mteja wa Songea na wa Dar es Salaam ataitambua pakiti ileile mwaka hadi mwaka.

Nawe unayejiandaa kuchapa, shika kanuni hii moja hata ukisahau nyingine: usilipe malipo ya mwisho, wala usiruhusu mashine iwashwe, mpaka uwe na prufu mkononi, umeitazama mchana, na imesainiwa na ninyi wawili.